SUNGURA HUFA KWA SHIBE

Wahenga walinena kuwa mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mapenzi yangu kwa sungura wangu hayakufichika hata kidogo, na ndiyo yaliyomuua mmoja wao. Nimeombwa na mlezi wa Chama cha Kiswahili niandike makala ya mafunzo katika jarida letu la mwaka huu. Wenzangu wameandika kuhusu ngeli na tamathali za usemi. Mimi nimeona niandike juu ya jambo nililojifunza kwa gharama, ili mwenzangu mwenye sungura nyumbani asije akayalipia mara ya pili.

Jinsi yalivyoanza

Mwanzoni mwa mwaka 2025 abti, yaani mjomba wangu, alitoka Thika na boksi lenye matundu. Ndani mlikuwa na sungura wawili wa miezi minne, mmoja mweupe na mwingine wa kijivu. Mdogo wangu wa kike, ambaye ana miaka saba, aliruka juu kwa furaha. Yule mweupe tulimwita Nuru, kwa kuwa sisi tunakaa Iftin na iftin kwa Kisomali ni nuru. Wa kijivu tukamwita Bahati.

Ayeeyo, bibi yetu mzaa mama, aliwatazama kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Yeye alizaliwa akichunga ngamia na mbuzi. "Watu wanafuga mali," akasema, "nyinyi mnafuga bakayle?" Bakayle ndiye sungura. Mimi nikajibu kwamba mali ni kile unachokipenda. Nilijiona mjanja kama Sungura wa hadithi.

Abti alituambia tuwape nyasi kavu, kama walivyozoea huko walikotoka. Tulifanya hivyo kwa miezi mitatu. Lakini mimi niliona haya. Kila siku nyasi kavu! Je, hao si wageni wetu? Basi Jumamosi moja ya Aprili, mvua ikiwa imenyesha alfajiri, nilipita sokoni nikaokota majani ya nje ya kabichi ambayo yalikuwa yanatupwa. Nilijaza mfuko mzima, nikaongeza na maganda ya tikiti. Nilifika nyumbani nikamwaga yote bandani, yakiwa bado yanadondoka maji. Mdogo wangu alipiga makofi. Nuru alikula bila kuinua kichwa. Bahati alikula kidogo tu, kwa sababu Nuru alikuwa akimfukuza.

Jumapili Nuru alijikunyata pembeni. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, na alikuwa akisaga meno. Mimi nilidhani ameshiba, kumbe anaumwa. Nikampa kipande kizuri chekundu cha tikiti ili apate hamu. Jumatatu asubuhi, kabla sijaenda shule, nilimkuta amelala ubavu na amekuwa baridi.

Mdogo wangu aliniuliza, "Nani amemuua Nuru?" Nikamwambia ni amri ya Mungu. Ni kweli kila jambo ni kwa amri yake, lakini nafsi yangu ilijua nimejificha nyuma ya neno hilo.

Alichosema ayeeyo

Jioni ayeeyo aliniita mkekani. Hakucheka tena. Aliniuliza swali moja tu: "Ulimpa nini?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema hata mtoto wa mchungaji analijua hilo.

Akanikumbusha ukame ule mkubwa ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea hadi mapema mwaka 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha. Mbuzi waliobaki walikuwa wamezoea vijiti na majani makavu. Mvua iliponyesha na ardhi ikawa kijani, watu walifurahi. Lakini mchungaji mzee, akasema, siku hiyo hafurahi haraka. Hawaachilii mbuzi wenye njaa wavamie majani mabichi. Kwanza huwalisha kikavu kidogo, kisha huwapeleka kwenye kijani kwa muda mfupi, kesho muda mrefu zaidi. Asiyefanya hivyo atawaona wamevimba ubavu wa kushoto na kuanguka mmoja baada ya mwingine. "Njaa inaua polepole," ayeeyo alisema. "Shibe ya ghafla inaua usiku mmoja."

Siku iliyofuata nilimwendea mwalimu wa Kilimo na hadithi yangu. Alinieleza kwamba bibi yangu amesema kweli, na tena kwa sungura hatari ni kubwa kuliko kwa mbuzi. Haya yafuatayo ni yale niliyoelezwa na mwalimu, niliyoyasoma baadaye vitabuni, na niliyoyajaribu mwenyewe kwa Bahati.

Sungura wa nyumbani ni nani?

Kwanza tufahamu kwamba sungura wa bandani si yule anayekatiza mbele ya gari ukielekea Modogashe. Kiswahili huwaita wote sungura, nacho Kisomali huwaita wote bakayle, lakini ni wanyama wawili tofauti. Yule wa porini huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, walalao juu ya ardhi. Huyu wa kufugwa huzaa watoto walio uchi na vipofu, na mababu zake wa mwituni huchimba mashimo. Sungura wote wa kufugwa duniani asili yao ni sungura wa mwituni wa Uhispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Huko mababu zao waliishi kwa nyasi, majani na magome. Hakuna aliyewapandia kabichi.

Tumbo lake

Mbuzi hula, kisha hucheua. Gesi ikijaa tumboni huitoa kwa mdomo. Sungura hacheui, hatapiki, wala hawezi kupiga mbweu. Kilichoingia hakina njia ya kurudi, sharti kisonge mbele.

Kinachokisukuma mbele ni nyuzinyuzi za nyasi. Mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, sungura ana mfuko mkubwa. Ndani ya mfuko huo huishi vijidudu wengi mno wasioonekana kwa macho, ambao kazi yao ni kuchachusha majani. Vijidudu hao wamezoea chakula kile kile cha kila siku. Ukiwamwagia ghafla chakula chenye maji mengi na sukari, wale wema hupungua na wale wabaya huongezeka. Gesi hujaa, matumbo husimama kufanya kazi, na mnyama hufa kwa maumivu. Nadhani ndivyo alivyokufa Nuru.

Jambo jingine litakalokushangaza ni kwamba sungura hutoa vinyesi vya aina mbili. Kimoja ni kikavu na cha mviringo, hicho ni cha kutupa. Kingine ni laini, king'aacho, kimeshikana kama kichala kidogo cha zabibu. Hiki sungura hukila moja kwa moja kutoka mwilini mwake, kwa kuwa kina vitamini na protini zilizotengenezwa na wale vijidudu. Usimcheke wala usimzuie. Ukikuta vinyesi laini vimejaa bandani bila kuliwa, jua unampa vyakula vitamu kupita kiasi.

Meno yake nayo hukua maisha yake yote. Nyasi ngumu ndizo huyasaga yasirefuke. Kabichi haiwezi kazi hiyo.

Kanuni sita za kulisha mboga

Kwanza, nyasi ndiyo chakula, mboga ni kitoweo. Si mnajua ugali na sukuma? Ugali ndio mwingi. Kwa sungura, nyasi ndiyo ugali wake. Kila siku apate fungu la nyasi safi lenye ukubwa kama mwili wake mwenyewe, na zisikosekane usiku wala mchana. Hapa Garissa nyasi hazina shida kubwa, kwani zinauzwa kwa mafungu ya kulisha mifugo. Chagua zile za kijani iliyofifia zenye harufu nzuri. Zikiwa na ukungu au vumbi jeusi, usinunue hata kwa bei ya bure.

Pili, anza kidogo na mboga moja tu. Siku ya kwanza mpe kipande chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Subiri siku mbili huku ukitazama kinyesi. Kikiwa kikavu na cha mviringo, ongeza kidogo. Kikilegea, acha mboga hiyo na urudi kwenye nyasi peke yake. Mboga ya pili isiingie mpaka ya kwanza izoeleke. Hapa ndipo haraka haraka haina baraka.

Tatu, watoto wasipewe mboga mapema. Sungura aliye chini ya miezi mitatu matumbo yake bado hayajakomaa. Apewe maziwa ya mama yake, nyasi, na chakula kikavu alichozoea. Akifika miezi mitatu ndipo aonjeshwe.

Nne, osha, kung'uta na utandaze. Mboga zetu nyingi hutoka katika mashamba ya kando ya mto Tana, na wakulima hupiga dawa za wadudu kama ilivyo kila mahali. Dawa hizo huwa na siku za kungoja kabla ya kuvuna, na siku hizo zimeandikwa kwenye chupa. Muulize muuzaji kwa adabu kama anajua mboga ilipigwa dawa lini. Kisha osha kwa maji safi, ukung'ute, na utandaze kivulini mpaka maji ya juu yakauke. Wafugaji wengi hapa Kenya huacha majani yanyauke kwa saa kadhaa ili maji yapungue. Lakini kunyauka si kuoza. Majani yaliyorundikwa mfukoni mpaka yakapata joto na utelezi yamekwisha kuharibika. Yatupe.

Tano, ondoa mabaki. Katika joto letu jani lililobaki asubuhi huwa limechacha kufikia adhuhuri. Mimi humpa Bahati mboga jioni baada ya magharibi, wakati kumepoa na hamu imerudi, na mabaki huyatoa kabla ya kulala.

Sita, maji yasikosekane. Watu hudhani sungura anayekula mboga hahitaji maji. Si kweli. Maji safi yawepo saa zote, hasa kwetu ambako kipimajoto mara nyingi hupita nyuzi 35.

Mboga za soko letu

Majani ya viazi vitamu ni mazuri na ya bei nafuu. Yana maji mengi, basi yanyaushe. Majani ya kunde, dania na majani ya karoti nayo hufaa. Ukipata kishonanguo kisichopigwa dawa, mpe, sungura hukipenda.

Sukuma wiki hufaa, ila si kila siku na si rundo. Jani moja au mawili kwa sungura mkubwa yatosha. Spinachi na mchicha zina asidi ambayo ikizidi huweza kuumiza figo, kwa hiyo zibadilishane zamu na mboga nyingine. Kabichi huleta gesi. Wapo sungura wanaoizoea kidogo kidogo, lakini mimi, baada ya yale yaliyonipata, siileti bandani.

Karoti nayo tumedanganywa na picha za vitabu. Mzizi wa karoti una sukari nyingi. Kipande chenye urefu wa kidole gumba, mara mbili kwa wiki, ni zawadi ya kutosha. Tikiti, ndizi na embe ni peremende kwake. Kijiko kimoja mara moja moja si vibaya kwa sungura mkubwa mwenye afya. Sahani nzima ni balaa.

Kwa jumla, sungura mkubwa wa kilo mbili hatapata madhara kwa konzi mbili za majani mchanganyiko kwa siku, iwapo amezoezwa polepole na nyasi zipo.

Vitu vya kuepukwa kabisa

Usimpe vitunguu maji, vitunguu saumu wala majani yake, kwani huharibu damu. Usimpe avokado, iwe nyama yake, ganda au jani. Usimpe viazi mbatata vibichi, hasa vilivyochipua au kuwa kijani, wala majani yake. Majani na vikonyo vya nyanya pia ni sumu. Maharagwe mabichi ya punje ni hatari. Mkate, wali, anjera, maandazi na biskuti si chakula cha sungura, hata akija mwenyewe kuviomba.

Ukienda kukata majani kando ya mto, jihadhari na mbarika pamoja na mnanaha. Hiyo ni mimea yenye sumu kali. Usikate jani usilolijua jina lake. Mtoto akitumwa majani, aonyeshwe kwanza.

Mto ukijaa, barabara ikikatika

Mwezi wa Novemba 2023 mto Tana ulifurika na barabara kati ya Garissa na Madogo ikakatika. Mashamba mengi ya kando ya mto yalizama. Tunakumbuka jinsi mboga zilivyokuwa adimu majumbani mwetu. Ikiwa binadamu anakosa sukuma wiki, sungura atapata wapi? Atakayekuwa amemzoesha sungura wake mboga kila siku bila nyasi atapata taabu siku hiyo, na kumbadilishia chakula ghafla ndiyo hatari tuliyoisema.

Kwa hiyo weka akiba. Jua letu tunalolilalamikia kila siku ni msaada hapa. Mimi hukata nyasi changa baada ya mvua, nikazitandaza juu ya neti mahali penye kivuli na upepo, nikazigeuza asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu hivi huwa zimekauka zikiwa bado na rangi ya kijani. Nazifunga katika gunia lipitishalo hewa na kuliinua juu ya mawe, lisinyonye unyevu. Nyasi ambazo hazijakauka sawasawa zikifungwa, ukungu utaingia.

Dalili za kukufanya ukimbie

Nuru alinionyesha dalili zote siku nzima, nami sikuzisoma. Tafadhali zishike. Sungura aliyekataa kula kwa nusu siku, asiyetoa kinyesi, anayejikunyata na kusaga meno kwa nguvu, mwenye tumbo gumu, au anayeendesha maji maji, huyo ni mgonjwa. Usingoje kesho. Usimpe tunda la kumbembeleza. Ondoa mboga zote, mwachie nyasi na maji, na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usimpe dawa ya mbuzi kwa kukisia. Zipo dawa za viini ambazo hazimdhuru mbuzi lakini humuua sungura, kwa sababu huwamaliza wale vijidudu wema wa tumboni.

Tamati

Bahati alipona, pengine kwa kuwa siku ile alinyimwa na mwenzake. Nilimrudisha kwenye nyasi peke yake kwa wiki mbili. Kisha nikaanza na jani moja la kiazi kitamu.

Siku niliyompa jani hilo nilimwita mdogo wangu, nikamwambia ukweli. Nikamwambia ni mimi niliyemlisha Nuru vibaya, na kwamba sikujua lakini ningeweza kuuliza, kwani ayeeyo alikuwa ameketi hatua kumi kutoka bandani. Alininunia siku tatu. Siku ya nne alikuja na daftari lake la hesabu ameligawa mistari. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, yeye hukagua kinyesi cha Bahati na kuandika: kikavu, laini, au hakuna. Ikiwa ameandika kikavu, jioni Bahati anapata mboga. Akiandika jingine, hapati, hata mimi niseme nini.

Ayeeyo naye siku hizi hukaa karibu na banda wakati wa alasiri. Husema anafuata kivuli tu. Lakini juzi nilimsikia akimkanya jirani aliyekuja na ganda la tikiti mkononi: "Weka chini. Huyo ni kama mbuzi wa baada ya ukame."

Msomaji mpendwa, mwenye sungura asiulize tu, "Leo nimpe nini kitamu?" Aulize kwanza, "Jana alikula nini, na leo asubuhi ametoa nini?" Hapa kalamu yangu naiweka chini, Bahati anataka nyasi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili